Uzi: Kodi, kipande na kahawa. Jinsi rangi ilivyozaa umaskini Kenya ya kikoloni, na umaskini ukageuzwa ushahidi dhidi ya rangi

Mpima Ardhi (mleta uzi)

Wadau, mjadala wa ubaguzi wa rangi hapa jukwaani huishia kwenye mabishano yale yale. Kuna wanaosema tatizo lilikuwa dharau tu, mlowezi alimwona Mwafrika si mtu kamili. Kuna wanaosema rangi ni kisingizio, jambo lenyewe ni mali. Naona pande zote mbili zinaruka pale katikati, ambapo rangi na mali zilifungwa pamoja kwa sheria, kila moja ikiilisha nyingine. Tuchukue Kenya ya 1902 hadi 1963, twende sheria kwa sheria, shilingi kwa shilingi.

Msingi ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya 1902 iliruhusu mlowezi kukodishiwa shamba kwa miaka 99. Ile ya 1915 ikaongeza muda hadi miaka 999, na ikampa Gavana uwezo wa kuzuia ardhi isihame kutoka mtu wa rangi moja kwenda kwa mtu wa rangi nyingine. Mwaka 1921, kwenye kesi ya Isaka Wainaina, mahakama ikatafsiri kwamba Mwafrika hana haki ya umiliki hata pale alipozaliwa, anakaa tu kwa hiari ya Mfalme. Eneo la walowezi, lile lililoitwa Nyanda za Juu za Wazungu, likaja kuwekewa mipaka rasmi mwaka 1939, takriban maili za mraba 16,700.

Lakini shamba bila mikono ni pori. Mikono ilipatikana kwa kodi.

Kodi ya nyumba ilianza 1901, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na nyumba. Angalieni hesabu ya mwaka 1922. Kodi ni shilingi 12 kwa kila nyumba. Mwanamume mwenye wake wawili ana nyumba mbili, na mama yake mjane akiwa uani ni nyumba ya tatu. Tuchukue mbili tu: shilingi 24, taslimu. Mahindi na mbuzi havipokelewi. Kazi ya shamba la mlowezi inalipa kama shilingi 8 hadi 10 kwa "tikiti", yaani siku 30 za kazi ambazo mtu aliruhusiwa kuzikamilisha ndani ya siku 42. Kwa hiyo shilingi 24 ni karibu tikiti tatu, miezi mitatu hadi minne nje ya nyumbani. Ikiangukia Machi hadi Mei, mvua za masika zinampita, shamba lake linapaliliwa nusu, na mwaka unaofuata ananunua chakula. Anarudi kazini, safari hii si kwa ajili ya kodi peke yake.

Upande wa pili, mlowezi hakulipa kodi ya mapato. Ilijaribiwa 1921, walowezi wakapiga kelele, ikaondolewa mwaka uliofuata. Ilisimama hasa mwaka 1937.

---

Karani Mstaafu

Mkuu, umeanza vizuri. Niongeze kipande, maana wengi wanadhani kilikuwa kitambulisho kama vile vya leo.

Sheria ilitungwa 1915, ikaanza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita Kuu, kwa kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16. Ni karatasi iliyokunjwa ndani ya kijaluba cha chuma chenye kamba, kikavaliwa shingoni. Watu walikifananisha na kengele anayofungwa mbuzi. Ukiifungua karatasi unakuta jina, kabila, anakotoka, alama za vidole, kisha safu za kazi: mwajiri, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, mshahara, tarehe ya kuondoka, na mwisho saini ya mwajiri.

Safu mbili ndizo zilizofanya kazi kubwa. Ya kwanza ni mshahara. Mwajiri mpya alisoma ulilipwa shilingi 9 kule ulikotoka, akaanzia hapo hapo. Hukuwa na nafasi ya kusema ulilipwa 14. Ya pili ni saini. Bila saini ya kuachishwa huwezi kuajiriwa kwingine kihalali, na ukiondoka bila hiyo saini wewe ni mtoro. Utoro ulikuwa kosa la jinai. Mwajiri alitoa taarifa, alama za vidole zikatafutwa kwenye masijala Nairobi, na mtu akafuatwa mpaka kijijini. Sasa niambieni, mfanyakazi asiyeweza kuondoka anadaije nyongeza?

Mwaka 1921 walowezi walipokubaliana kukata mishahara kwa theluthi moja, wafanyakazi hawakuwa na mlango wa kutokea. Harry Thuku, mwanasiasa kijana wa Nairobi, alipata wafuasi wake hapo: kipande, kodi na mshahara uliokatwa. Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi wakapigwa risasi. Serikali ilikiri vifo 21, akiwemo mama Muthoni Nyanjiru.

Na ili muone kwamba rangi ilikuwa ndani ya chombo chenyewe: mwaka 1947 ilipopitishwa sheria ya kuandikisha watu wa rangi zote kwa alama za vidole, walowezi walikataa katakata. Wakaona ni kudhalilishwa. Mwisho ikaruhusiwa wanaojua kusoma na kuandika watumie picha na saini.

---

Mkonge Tanga

Karani, heshima zako. Kwa wasomaji wa Bara nitenganishe jambo moja, maana neno ni lile lile na maana si ile ile. Kipande cha Tanganyika kilikuwa kadi ya kazi yenye miraba 30. Ukimaliza kazi ya siku, mraba unawekwa alama. Usipomaliza kipimo ulichopangiwa, siku haihesabiwi hata kama umeshinda shambani. Miraba 30 ikijaa ndipo unalipwa. Mfumo ulianza wakati wa Wajerumani na Waingereza wakauendeleza, hasa kwenye mkonge.

Huku kwetu tofauti nyingine ilikuwa umbali. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka Kigoma, Songea, hata Ruanda-Urundi, mikoa ambayo haikupewa kipaumbele cha mazao ya biashara. Serikali ilizitazama kama mikoa ya kutoa watu. Mahali pakikosa njia ya kuuza mazao, mtu hutoka kwenda kuuza nguvu, na nguvu kazi zikitoka, mahali hapo hapazai mazao ya kuuza. Ukanda uliopangiwa kutoa vibarua miaka ya 1930 hauhitaji sheria ya rangi ili uendelee kutoa vibarua.

---

Hoja Nzito

Nina swali la kweli kwa mleta uzi. Walowezi walikuja na mtaji, mbegu na ujuzi. Je, wasingetajirika hata bila ubaguzi? Pengine tunaita ubaguzi kitu ambacho ni tofauti ya mtaji tu.

---

Mpima Ardhi

Swali zuri, na linajibika kwa kuangalia mtaji huo ulitoka wapi.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kulikuwa na mpango wa kuwagawia ardhi askari wa Kizungu, 1919, na sehemu ya ardhi hiyo ilimegwa kwa Wanandi. Wapagazi wa Kiafrika waliobeba vita ile mabegani hawakupata hata robo ekari. Walichoachiwa ni jina la mtaa: Kariokor Nairobi, Kariakoo Dar es Salaam, kutoka "Carrier Corps".

Mwaka 1931 ikaanzishwa Benki ya Ardhi. Dhamana ya mkopo ni hati ya shamba. Sheria imeshasema Mwafrika hawezi kuwa na hati. Hakuna karani wa benki aliyehitaji kumtukana mtu kwa rangi yake, fomu ilimaliza kazi. Mlowezi aliyeshindwa kulipa wakati bei zilipoanguka miaka ya 1930 alipewa mkopo mwingine wa kumwokoa. Mkulima wa rizavu, yaani eneo lililotengewa Waafrika, bei zilipomwangukia alikwenda kutafuta tikiti.

Reli nayo. Matawi mengi yalielekezwa kwenye mashamba ya walowezi: Thika, Nyahururu, Kitale, Solai. Tawi la Butere liliingia maeneo ya Waafrika, nalitaja ili tusidanganyane, lakini ni machache ya namna hiyo. Nauli ya kusafirisha mahindi nje ilishushwa, na ushuru wa forodha wa 1923 ukalinda ngano, siagi na sukari za walowezi. Aliyefidia ni mnunuzi wa bidhaa za kawaida, yaani wengi. Kisha mwaka 1942 mlowezi akahakikishiwa malipo kwa kila ekari aliyoilima hata ikimharibikia, na gunia lake la mahindi likanunuliwa kwa bei ya juu kuliko la Mwafrika. Mahindi ni yale yale.

Kwa hiyo, ndugu Hoja Nzito, mtaji wa kuanzia ulikuwepo kwa baadhi yao. Ila wengi waliendesha mashamba kwa deni, na kilichowashikilia ni mfumo wa umma uliolipiwa na waliobaguliwa.

---

Mbuni na Mgomba

Hapo hamjagusa kahawa, na kwangu kahawa ndiyo mfano ulio wazi kupita yote kwa sababu tuna pande mbili za kulinganisha.

Kenya, Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa ya arabika. Sababu zilizotolewa: atashindwa kupulizia dawa, magonjwa yataenea kwenye mashamba makubwa, ubora utashuka, wizi utaongezeka. Ukisoma sababu hizo peke yake unaweza kuzikubali. Sasa vuka mpaka. Ng'ambo ya pili, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga walikuwa wakiilima kahawa hiyo hiyo chini ya migomba. Mwaka 1925 walikuwa na chama chao cha wakulima, na mapema miaka ya 1930 kikageuka KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichokusanya, kikapanga madaraja na kuuza kahawa ya maelfu ya wakulima wadogo. Waingereza wale wale, zao lile lile.

Walowezi wa Kenya hawakuogopa kutu ya majani pekee. Mbuni unaanza kuzaa kama mwaka wa tatu. Ukishazaa, nusu ekari yake inalipa kodi ya nyumba na karo, na mwenye nusu ekari hiyo haendi kuchuma kahawa ya mtu mwingine kwa shilingi 9. Kibarua angepotea.

Serikali ililegeza kidogo mwaka 1933-34, kwa majaribio, Kisii, Meru na Embu, mbali na mashamba ya walowezi. Kiambu, jirani kabisa na mashamba hayo, ilibidi kusubiri hadi vita vya Mau Mau. Mpango wa Swynnerton wa 1954, wenye bajeti ya pauni milioni 5, ndio uliotoa hati za ardhi na ruhusa ya kahawa kwa mapana.

Tena muone hata hilo lilivyokuwa na kasoro. Mpango ulikubali waziwazi kwamba wenye uwezo watajilimbikizia ardhi na wengine wataipoteza, likawa jambo la kawaida la maendeleo. Na kupima mashamba kulifanyika wakati maelfu ya wanaume wako vizuizini. Aliyekuwa upande wa serikali alikuwepo siku kamati ilipokaa. Aliyekuwa kambini alirudi akakuta mpaka umeshachorwa.

---

Dada wa Majengo

Nisaidieni upande wa mjini. Mishahara ilipangwaje?

---

Karani Mstaafu

Dada, serikalini kulikuwa na ngazi tatu: Wazungu, Waasia, Waafrika. Tume ya Holmes ya 1948 ilipendekeza asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya Mzungu kwa kazi ile ile. Yaani Mzungu akipata pauni 500, mwenzake mwenye cheti hicho hicho kwenye meza ya pili anapata 300. Tume ya Lidbury ya 1954 ndiyo iliyopendekeza ngazi hizo za rangi ziondolewe.

Sekta binafsi walikuwa na kitu kingine, "mshahara wa kapera". Dhana ni kwamba mfanyakazi ni mwanamume pekee, mke na watoto wanajilisha rizavu. Kwa hiyo analipwa posho, kitanda na kodi, basi. Kamati ya Carpenter ya 1954 ilikuta sehemu kubwa ya wafanyakazi wa mjini wanalipwa chini ya mahitaji ya msingi ya mtu mmoja, sembuse familia, ikapendekeza mshahara upandishwe taratibu hadi mara mbili na nusu ya ule wa kapera.

Tuufuatilie mshahara wa kapera mpaka mwisho wake. Mtu hawezi kuishi na mkewe mjini, hivyo anafanya kazi miezi minane anarudi nyumbani. Hakai mahali pamoja kiasi cha kufundishwa fundi mitambo. Mwajiri anaandika kwenye ripoti: Mwafrika hadumu kazini, hana ujuzi. Ripoti inakuwa sababu ya kumlipa kama kapera. Na rizavu inayotakiwa kulisha mke na watoto ndiyo hiyo iliyokatwa ardhi. Ile ripoti haikuwa uongo mtupu. Kweli hakudumu. Ila kilichomfanya asidumu kilikuwa kwenye bahasha ya mshahara.

---

Dada wa Majengo

Nimekuelewa, shikamoo. Na shule?

---

Karani Mstaafu

Marahaba. Shule fupi tu: elimu ikafanywa ya lazima kwa watoto wa Kizungu mwaka 1942. Kwa Mwafrika, sekondari ya kwanza, Alliance, ilifunguliwa 1926, na nafasi zilikuwa za kuhesabu. Kazi za ngazi ya juu zilihitaji vyeti ambavyo shule za kuvitoa hazikujengwa.

---

Duka la Kona

Kuna watu kwenye nyuzi nyingine wanamalizia hasira zote kwa Wahindi. Tusikosee. Mhindi alizuiwa kununua shamba Nyanda za Juu, hilo liliamuliwa na Lord Elgin, waziri wa makoloni wa Uingereza, tangu 1906-1908, na Waraka wa Devonshire wa 1923, tamko la serikali ya Uingereza kuhusu Kenya, haukulibadilisha. Akasukumwa kwenye duka na ufundi, akawekwa katikati, naye akapata nafasi ambazo Mwafrika hakupata.

Duka linaendeshwa kwa mali kauli. Unachukua bidhaa kwa muuzaji wa jumla leo, unalipa baada ya siku 30 au 60 ukishauza. Bila hiyo, mtaji wako ni pesa iliyo mfukoni, na rafu zako ziko wazi nusu ya mwezi. Sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika, Kenya 1948, ilisema deni la Mwafrika linalozidi shilingi 200 halidaiki mahakamani bila kibali rasmi. Tanganyika walikuwa na sheria ya namna hiyo tangu miaka ya 1920. Ilitangazwa kuwa ni kumlinda Mwafrika asizame kwenye deni.

Muuzaji wa jumla mwenye akili timamu afanye nini? Anakupa ya shilingi 200, sukari na sabuni kidogo, basi. Kwa kiasi hicho hupati bei ya jumla kamili, kwa hiyo unauza ghali kuliko duka la jirani, wateja wanakwenda kwa jirani, na wewe unafunga. Kisha inasemwa Mwafrika hajui biashara. Ile chuki ya mtaani kati ya mnunuzi na mwenye duka ilimpata mtu aliyekuwa karibu, na aliyetunga sheria hakuonekana.

---

Bwana Mnazi

Watu wa Pwani tusisahaulike. Kwetu haikuhitajika mlowezi wala kahawa. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 ilitaka kila mwenye dai kwenye ukanda wa pwani, ule wa Sultani wa Zanzibar, alilete na kulithibitisha. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali.

Aliyejua ofisi iko wapi, mwenye karatasi, mwenye wakili, akapata hati. Hao walikuwa zaidi Waarabu, baadhi ya Waswahili wa mjini, na Wahindi. Mmijikenda aliyelima minazi na mikorosho kwa utaratibu wa ukoo hakuwa na mtu mmoja wa kuandikwa kama mwenyewe, na sheria haikutambua umiliki wa ukoo hapo. Wajukuu zake wanaitwa maskwota juu ya makaburi ya babu zao.

Mombasa mpaka leo kuna "nyumba bila ardhi": nyumba ni yako, kiwanja ni cha mtu mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Benki haiikubali kama dhamana. Mwenye kiwanja akiuza, unabaki na mabati na milango. Hapo hakuna tena kifungu kinachotaja rangi wala kabila. Kuna daftari la 1908 tu.

---

Hoja Nzito

Basi nirudi na nusu ya swali langu. Mwaka 1963 sheria za rangi ziliondoka. Kwa nini pengo halikuondoka nazo?

---

Mpima Ardhi

Kwa sababu ardhi haikurudishwa, iliuzwa. Mpango wa Ekari Milioni ulioanza 1962 ulinunua mashamba ya walowezi kwa bei ya soko, fedha zikitoka kwa mikopo ya nje, hasa ya Uingereza. Karibu familia 35,000 zikapewa viwanja, na deni lake, la kulipa kwa miaka 30 pamoja na riba. Aliyenyang'anywa baba yake akainunua ardhi hiyo kwa mkopo. Mwenye mshahara serikalini alilipa kwa wakati na akaongeza shamba la jirani aliyeshindwa. Skwota, yaani Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la mlowezi kwa kulifanyia kazi, aliyekuwa akidaiwa siku 180 za kazi kwa mwaka chini ya sheria ya 1918, na aliyefagiliwa ng'ombe wake kwenye ile "kifagio" ya miaka ya 1920, hakuwa na cha kuanzia.

Kisha Waraka wa Serikali Na. 10 wa 1965. Ulisema fedha za maendeleo ziende kwanza pale zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, penye watu walio tayari kupokea mabadiliko. Someni vigezo hivyo tena mkiwa na ramani ya reli mkononi. Barabara na umeme vilikuwa wapi mwaka 1965? Pale mlowezi alipovitaka. Turkana, Garissa, Tana na ukanda mwingine wa kaskazini, ambako serikali ya kikoloni iliweka kambi na vibali vya kupita kuliko shule, zikaonekana hazina faida ya kuwekeza. Waliouleta waraka ule walikuwa viongozi wa Kiafrika waliopigania uhuru, na sidhani walikuwa na nia mbaya. Hawakutaja rangi ya mtu yeyote. Walitumia takwimu, na takwimu zilikuwa zimeshatengenezwa kwa miaka 60.

---

Mwana Sheria

Nichangie moja la kisheria, maana watu huuliza ile miaka 999 iliishia wapi. Hati nyingi zilibaki hai baada ya uhuru, zikiuzwa na kurithishwa kama kawaida. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, ndiyo iliyosema asiye raia hawezi kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Hati yake ndefu ikapunguzwa hadi miaka 99, ikihesabiwa kuanzia siku Katiba ilipoanza kutumika, tarehe 27 Agosti 2010. Kampuni inahesabika kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia.

Anayetaka kuhakiki shamba fulani aombe upekuzi wa hati kwenye masijala ya ardhi akiwa na namba ya L.R. (namba ya utambulisho wa shamba), aangalie mambo matatu: mmiliki wa kwanza, tarehe ya kuanza kwa ukodishaji, na kama ubadilishaji wa 2010 umeandikwa. Hati isipokuwa na maandishi hayo, karatasi bado inasomeka miaka 999 ingawa Katiba imeshaikata. Iliyokatwa sawasawa, ya kampuni ya kigeni, itaisha Agosti 2109.